Wawili tu Disney World: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenzi wanaokwenda Walt Disney World, Florida, huku watoto wamebaki nyumbani. Umeandikwa zaidi kwa wanaoishi Marekani na Kanada. Mambo ya viza hayamo. Saa zote ni za Kiswahili, kwa hiyo "saa 1 asubuhi" hapa ndiyo 7:00 kwenye simu yako. Bei ni za dola na hupanda karibu kila mwaka, basi zichukue kama makadirio.

## Kabla ya kuamua

Kule si kwa watoto? Sisi wawili tutafanya nini?

Eneo lote lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 100: bustani nne za burudani, bustani mbili za maji, hoteli zaidi ya 25, viwanja vya gofu na mtaa wa maduka na mikahawa uitwao Disney Springs. Sehemu ya mtoto humo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ukienda na mtoto, siku inaanza mapema, inakatika mchana kwa kilio na usingizi, na inakwisha saa 2 usiku mmoja akiwa begani. Wawili mnaweza kuipindua: mlale mchana, mtoke jioni jua likishapoa, mle chakula cha saa mbili nzima bila kumfuta mtu mdomo.

Ndiyo maana mapendekezo yetu mengi yanaanzia jioni. Anayepanga safari ya wawili kwa ratiba ya familia hurudi amechoka vilevile, tena bila kisingizio.

Hakuna atakayewashangaa, hata mkipanga foleni kupiga picha na Mickey. Nusu ya waliomo kwenye ile foleni ni watu wazima.

Bustani nne ni zipi, na ipi inawafaa wawili?

Magic Kingdom (ilifunguliwa 1971) ndiyo yenye kasri. EPCOT (1982) ina ziwa lililozungukwa na mabanda ya nchi 11. Hollywood Studios (1989) ni ya filamu na michezo ya kupanda ya kasi. Animal Kingdom (1998) ina wanyama hai na mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe.

Kwa wawili, EPCOT kwanza, tena siku mbili kama mnapenda kula. Ya pili Animal Kingdom. Magic Kingdom inatosha kuingia alasiri na kubaki mpaka fataki. Hollywood Studios ni kwa wanaopenda mbio. Asiyependa hatakosa mengi akiiruka.

Siku ngapi zinatosha?

Malazi usiku nne, tiketi za siku tatu. Bei ya tiketi kwa siku hushuka kadiri unavyoongeza siku, na hapo ndipo watu hunaswa: wananunua siku sita kwa kuwa "ya sita ni kama bure", kisha wanajiona wana deni la kuitumia. Siku moja ndani ya bustani ni kutembea kilomita 12 hadi 16 juani.

Siku ya kufika msitumie tiketi. Itumieni Disney Springs au kwenye zunguko la monoreli, treni ya reli moja (tazama "Jioni tufanye nini bila tiketi?").

Twende msimu gani?

Faida kubwa ya kutokuwa na watoto ni kwamba kalenda ya shule haiwahusu. Nafuu ya watu hupatikana wiki za baada ya Labor Day mwezi Septemba, katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Februari, na wiki mbili za kwanza za Desemba. Katika Januari epukeni wikiendi ya mbio za marathoni na ile ya sikukuu ya Martin Luther King.

Septemba ni rahisi kwa sababu: joto hufika nyuzi 32 na zaidi, unyevu ni ule wa Dar mwezi Februari, na radi hupiga karibu kila alasiri. Mvua hunyesha saa moja au mbili kisha hukatika. Familia hukimbilia hotelini na nyingi hazirudi. Nyinyi subirini ndani ya mgahawa, kisha mtoke foleni zikiwa fupi. Kuhusu vimbunga, tazama swali la mwisho.

Bajeti ikoje?

Tiketi ya siku moja huanzia karibu dola 119 na huvuka 190 siku za kilele, kwa kila mtu. Hoteli za bei ya chini, kama All-Star, huanza dola mia na kitu kwa usiku. Za juu mara nyingi hupita 400. Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya asilimia 12.5 katika kaunti ya Orange, na hii ndiyo huwashtua wengi kwenye malipo ya mwisho. Kuegesha gari kwenye bustani ni kama dola 30 kwa siku, ila mgeni wa hoteli za Disney halipi.

Chakula cha mezani kwa wawili, bila pombe, hesabu dola 90 hadi 140 pamoja na tipu. Mkahawa hauiweki tipu kwenye bili ya watu wawili. Huongeza wenyewe kuanzia kundi la watu sita. Kwa wawili, asilimia 18 hadi 20 mnaiandika nyinyi.

Pa kubana: maji. Mkahawa wowote wa kujihudumia unaouza vinywaji vya bomba hukupa bilauri ya maji ya barafu bure. Na chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia, mradi hakuna chupa za kioo, pombe wala barafu ya vipande visivyofungwa.

## Watoto wanaobaki

Tumwachie karatasi gani anayebaki nao?

Bibi, shangazi au jirani anaweza kupika na kupeleka shule, lakini hospitali ya Marekani itamuuliza ana idhini gani. Andikeni barua ya idhini ya matibabu: majina na tarehe za kuzaliwa za watoto, jina la mlezi, tarehe mtakazokuwa hampo, mzio na dawa, jina la daktari wao, na sahihi za wazazi wote wawili mbele ya notari. Benki nyingi hutoa huduma hiyo kwa wateja wake bila malipo. Ambatisheni nakala ya kadi ya bima, mbele na nyuma.

Shuleni ongezeni jina la mlezi kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Hili husahaulika kuliko lolote, na hugundulika saa 9 alasiri mlezi akiwa amesimama getini.

Tuwaambie watoto tunakwenda wapi?

Ndiyo. Hata mkificha, picha wataziona. Waambieni ni safari ya baba na mama, na rudini na kofia za masikio.

Mtoto akiugua tukalazimika kufuta?

Chumba kilichowekwa bila tiketi hufutwa bila hasara mpaka siku tano kabla ya kufika. Kifurushi cha chumba na tiketi kinataka siku 30. Baada ya hapo kuna makato ya dola 200, na yanazidi siku ya mwisho kabla ya kufika. Kwa wenye watoto wadogo tunashauri kununua chumba na tiketi mbalimbali kwa sababu hiyo hiyo. Tiketi ambayo haikutumika kabisa hairudishiwi fedha, lakini thamani yake huweza kuhesabiwa kwenye tiketi mpya.

## Hoteli

Hoteli ipi inafaa wawili?

Chagueni kwa usafiri kwanza. Mnaotaka EPCOT ya jioni, laleni upande wa BoardWalk, Yacht Club au Beach Club: mnaingia kwa miguu kupitia lango la nyuma liitwalo International Gateway, kati ya Ufaransa na Uingereza, na usiku mnarudi kwa miguu watu wengine wakipanga foleni ya mabasi. Bajeti ikiwa ndogo, Pop Century ina vyumba vya kawaida lakini iko kwenye kituo cha Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya tangu 2019 na kufika EPCOT na Hollywood Studios. Vibanda husimama radi ikipiga; hapo kuna mabasi.

Mnaotaka utulivu na wanyama, Animal Kingdom Lodge.

Animal Kingdom Lodge ina nini cha pekee?

Asubuhi unafungua pazia na twiga yuko chini ya roshani. Hoteli ilifunguliwa 2001, ikachorwa na Peter Dominick, na ina majengo mawili: Jambo House na Kidani Village. Savana zake zina majina kama Arusha, Uzima na Pembe.

Zingatieni aina ya chumba. Vyumba vya bei ya chini huweza kutazama maegesho au paa. Ni vile vilivyoandikwa "savanna view" tu ndivyo vyenye wanyama. Kama pesa haitoshi kwa usiku zote, wekeni vya savana usiku mbili tu. Wanyama huonekana zaidi asubuhi mapema na saa moja kabla ya magharibi. Mchana hujificha kivulini kama mtu yeyote mwenye akili.

Kasoro yake ni umbali. Haina monoreli, boti wala Skyliner, ni basi tu, na Magic Kingdom iko mbali.

Kile Kiswahili chao ni cha kweli?

Maneno ni ya kweli, matumizi ndiyo huchekesha. Kidani Village imejengwa kwa umbo la kidani kweli, na bwawa lake linaitwa Samawati. Sanaa ni mkahawa. Jiko ni mkahawa wa kifahari wenye orodha ndefu ya mvinyo wa Afrika Kusini, na ndiyo, utani wa kumpeleka jiko wako Jiko umekwisha kufanywa. Harambe imepoteza "e" moja njiani, lakini kuta zake za chokaa iliyobanduka zilichukua sura kutoka Lamu, na mtu wa pwani huiona mara moja.

Msitarajie kila mfanyakazi ajue Kiswahili. Wawakilishi wa kitamaduni wa hotelini wengi wametoka kusini mwa Afrika. Kila mfanyakazi huvaa kibao cha jina chenye mji anakotoka. Kisomeni kabla ya kusalimu.

Tunaweza kuona wanyama bila kulala pale?

Ndiyo. Wekeni meza Sanaa, ukumbi wa chini Kidani wenye madirisha makubwa yanayotazama savana. Wekeni saa 11 jioni na mwombe meza ya dirishani mnapofika, haiahidiwi. Agizeni sahani ya mikate: vipande vitano vya aina ya naan na paratha pamoja na bakuli tisa za kuchovya, zikiwemo chatne ya ukwaju, chatne ya embe, pilipili na achari ya kitunguu saumu. Mtu wa Mombasa au Unguja hatahitaji kuelezwa kitu. Sahani moja yatosha wawili kama chakula chepesi. Meza ikiwa imewekwa, walinzi wa getini wanawaruhusu kuegesha.

Kuna bwawa la watu wazima tu?

Katika hoteli za Disney zenyewe hakuna. Kuna mabwawa ya utulivu, yasiyo na mteremko wala muziki, na hayo huwa karibu matupu mchana. Four Seasons Orlando, iliyo ndani ya eneo lakini si ya Disney, ina bwawa la watu wazima peke yao, na bei yake inafanana na jina.

## Tiketi na foleni

Tunahitaji kulipia Lightning Lane?

Huo ndio mfumo wa kulipia foleni fupi, na tangu Julai 2024 una aina ziitwazo Multi Pass na Single Pass. Multi Pass hukuwezesha kuchagua michezo mitatu mapema na kuongeza mmoja baada ya mwingine siku hiyo. Bei yake huyumba kati ya takriban dola 15 na 40 kwa mtu. Single Pass ni ya mchezo mmoja mkubwa. Wageni wa hoteli za Disney huchagua siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3 kabla, zote kuanzia saa 1 asubuhi kwa saa za Florida. Aliyeko Dallas au Minneapolis akumbuke kutoa saa moja. Aliyeko Seattle, tatu.

Kwa wawili, ushauri wetu: Hollywood Studios lipeni, Magic Kingdom lipeni kama ni siku moja tu, EPCOT na Animal Kingdom acheni. Fedha hiyo ni chakula cha jioni.

Bila kulipia, foleni tuzikwepeje?

Njia tatu. Mgeni wa hoteli ya Disney huingia nusu saa kabla ya wengine, bustani yoyote, siku yoyote. Ndiyo wakati wa mchezo wa Flight of Passage kule Animal Kingdom. Muwe langoni dakika 45 kabla ya hiyo nusu saa, maana aliyefika kwa wakati anakuta mamia mbele yake.

Pili, foleni ya mtu mmoja mmoja kwa michezo ya Expedition Everest, Test Track na Smugglers Run. Mtatenganishwa viti, lakini dakika 60 hugeuka 15. Mwenye kutaka kushikwa mkono kwenye mteremko asipite huku.

Tatu, saa ya mwisho. Mkiingia foleni dakika moja kabla ya kufunga, mnahudumiwa.

Na zile tiketi za usiku wa pekee?

Disney After Hours huuzwa kwa idadi ndogo: mnabaki kwa muda wa saa tatu baada ya bustani kufungwa, aiskrimu, bisi na baadhi ya soda zikiwa ndani ya bei. Mnaruhusiwa kuingia saa 1 usiku, kwa hiyo siku hiyo hamhitaji tiketi ya mchana. Kwa wawili wasio na wa kumlaza, hii ndiyo namna bora ya kuiona Magic Kingdom.

## Kula na kunywa

Meza tuweke lini, na tukikosa?

Siku 60 kabla, kuanzia saa 12 asubuhi kwenye tovuti. Mgeni wa hoteli za Disney huweka meza za siku zote za safari (hadi 10) kwa mkupuo mmoja. Kufuta bila kulipa kwa mikahawa mingi ni mpaka saa mbili kabla. Usipofika unatozwa dola 10 kwa kila mtu.

Mkikosa, msikate tamaa. Meza ya wawili ndiyo rahisi kuliko zote kupatikana. Angalieni programu ya simu usiku wa kuamkia siku yenyewe na tena alasiri, watu wanapofuta. Kaeni kaunta: mikahawa mingi hutoa menyu kamili pale, na anayewahi ndiye hukaa. Mikahawa hufungwa kwa zamu kwa ukarabati, basi hakikisheni kabla ya kujenga jioni yote juu ya mmoja.

Ni mkahawa upi hauna watoto?

Victoria & Albert's, hoteli ya Grand Floridian: hakuna wa chini ya miaka 10, mavazi ya heshima ni lazima, na ina nyota ya Michelin tangu 2024. Ni zaidi ya dola 290 kwa mtu kabla ya vinywaji. Wekeni jioni isiyo na tiketi ya bustani, maana mtakaa saa tatu. Trader Sam's Grog Grotto, hoteli ya Polynesian, hubaki na wenye miaka 21 kuendelea kuanzia saa 2 usiku. Chumba ni kidogo na foleni ya majina huanza alasiri.

Kwingine kote watoto wapo. Mezani mapema huwa wengi. Baada ya saa 2:30 usiku hupungua wenyewe.

EPCOT tuile vipi?

Banda la Mexico wakati wa jua kali: ndani ya piramidi kuna giza la usiku muda wote, kiyoyozi, mkahawa kando ya maji na boti za taratibu zinazopita. Kuanzia hapo zunguka ziwa, karibu kilomita 2. Mabanda mengi hufunguliwa saa 5 asubuhi, lakini raha yake ni baada ya saa 11 jioni. Kwenye banda la Morocco simameni mtazame vigae: mafundi walitumwa na Mfalme Hassan II, na kazi yao inaonekana.

Wakati wa matamasha ya chakula (kubwa zaidi ni la Agosti hadi Novemba), vibanda huuza sahani ndogo za dola 6 hadi 10. Wawili mkishirikiana kila sahani, sita hadi nane ni chakula cha jioni. Epukeni Ijumaa usiku mpaka Jumapili, wenyeji wa Orlando hujaa. Na kubalianeni mapema: mnunuzi mmoja apange foleni ya chakula, mwenzake ashike meza ndefu.

Pombe ikoje?

Miaka 21, na kitambulisho huombwa hata mwenye mvi. Kwa asiye na leseni ya Marekani, pasipoti halisi. Picha ya simu haikubaliwi. EPCOT unatembea na bilauri. Kutoka nayo langoni hapana. Magic Kingdom ilikuwa kavu hadi 2012. Sasa mikahawa ya mezani inauza, na tangu 2025 kuna kilabu cha maharamia, The Beak and Barrel.

Kinachoharibu siku ni kujaribu "kunywa nchi zote 11" kwenye nyuzi 33. Gawaneni kinywaji kimoja, na maji kati ya kila viwili.

Sisi hatuli nyama isiyochinjwa. Tutapata nini?

Andikeni ombi mnapoweka meza na mrudie kumwambia mhudumu. Kwenye mikahawa ya mezani mpishi huja mwenyewe kuzungumza nanyi. Mkahawa ukiwa hauna nyama halali siku hiyo, samaki na vya mboga vipo. Sanaa ndipo rahisi zaidi. Boma, bufee ya Jambo House, ina "pap" asubuhi, ambayo ni binamu laini wa ugali. Muulizeni mpishi kuhusu kila nyama, kwa kuwa nguruwe wamo.

## Jioni na mambo ya pekee

Jioni tufanye nini bila tiketi?

Pandeni monoreli, ni bure: inazunguka Contemporary, Polynesian na Grand Floridian. Kinywaji au kahawa Grand Floridian kwenye Enchanted Rose, kisha endeleeni kuzunguka hadi Polynesian. Kaeni mchangani ng'ambo ya ziwa. Fataki za Magic Kingdom zinaonekana na muziki husikika. Fikeni nusu saa kabla. Ukiwa na gari, ingieni kupitia Disney Springs au Magic Kingdom, sababu walinzi wa hoteli hizi usiku wa fataki huwarudisha wasio na meza.

Kuna ziara ya watu wazima?

Keys to the Kingdom ni ya miaka 16 kuendelea: takriban saa tano Magic Kingdom, pamoja na kushuka kwenye njia za chini ambako wafanyakazi hupita. Wild Africa Trek, Animal Kingdom, ni saa tatu hivi; mnafungwa mikanda na kuvuka madaraja ya kamba juu ya viboko na mamba, kisha mnalishwa mkiitazama savana. Uzito lazima uwe kati ya kilo 20 na 136, viatu viwe vya kufungwa. Miwani na simu hufungwa kwa kamba, la sivyo huachwa.

Ni fungate au kumbukumbu ya ndoa. Kuna zawadi?

Ombeni beji ya sherehe mapokezi au ofisi ya wageni. Ni bure, na wafanyakazi watawapongeza siku nzima. Andikeni pia kwenye kila meza mnayoweka. Wakati mwingine kitindamlo huja, wakati mwingine kadi tu. Aliyeidai kama haki huipata mara chache.

Mmoja anapenda mbio, mwingine tumbo halimruhusu.

Msilazimishane. Michezo ya Cosmic Rewind na Flight of Passage huwapa kizunguzungu hata wasiougua baharini. Anayependa apite foleni ya mtu mmoja mmoja inapokuwepo, mwenzake aende mahali palipokubaliwa kwa jina: "kaunta ya Dawa Bar, Harambe", si "pale pale nje". Simu huishiwa chaji kwa ajili ya programu, kwa hiyo bebeni betri ya ziada.

Nina mimba. Nitafaidi nini?

Mlango wa kila mchezo una bango. Likitaja wajawazito, usipande, hata kama gari linaonekana la upole. Safari ya Kilimanjaro, ile ya gari la kutazama wanyama kule Animal Kingdom, ina barabara ya mashimo yaliyotengenezwa makusudi, basi soma bango lake kwanza. Living with the Land, boti ya Mexico na PeopleMover ni tulivu. Zahanati za huduma ya kwanza zipo kila bustani, zina vitanda na kiyoyozi, na kupumzika hakutozwi.

Tunaweza kuvaa kama wahusika?

Mwenye miaka 14 kuendelea haruhusiwi kuvaa vazi kamili, ila kwenye sherehe za Halloween za usiku, na hata hapo kinyago cha kufunika uso hapana. Rangi zinazofanana na mhusika, kitenge cha kulingana, masikio ya Mickey, hakuna shida.

Kutoka hoteli moja hadi nyingine kwa chakula, basi gani?

Hakuna basi la moja kwa moja. Unapanda hadi bustani au Disney Springs, unabadilisha; hesabu dakika 90. Mabasi ya Disney Springs huenda hotelini tu, hayaendi bustanini. Kwa meza ya saa 1 jioni mkiwa wawili, Uber au Lyft ni dola 12 hadi 25, na hapo ndipo pa kutumia zile za Lightning Lane mlizookoa.

Vimbunga?

Msimu ni Juni 1 hadi Novemba 30. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kikitangaza onyo la kimbunga kwa Orlando au mahali mnapoishi ndani ya siku 7 kabla ya kufika, Disney huruhusu kuahirisha au kufuta chumba na vifurushi vyake bila makato yake. Ndege haimo kwenye sera hiyo. Mkiwa tayari mmefika, bustani hufungwa lakini hoteli hubaki wazi, mikahawa hupunguza menyu, na vitafunio vya madukani huisha kwanza: siku ya onyo nunueni mkate, matunda na maji kabla ya adhuhuri, mchaji simu zote mbili, na mmpigie mlezi wa watoto kabla mtandao haujaanza kuyumba.